Mvua ya Mawe Haikusajiliwa na Timu Yoyote

Kijiji cha Ujamaa Nyamwaga,
Wilaya ya Tarime,
Mkoa wa Mara.
Jumamosi, 7 Mei 1977.

Ndugu Mhariri,

Shikamoo. Kama umri wako haufiki wa kuamkiwa hivyo, naomba salamu hii umpe yeyote hapo ofisini aliye mkubwa, isirudi bure, maana njia ni ndefu.

YAH: HABARI YA MPIRA ILIYOANDIKWA NA MTU AMBAYE HAKUUONA MPIRA

Mimi ni msichana wa Kidato cha Pili, niko nyumbani kwa likizo. Si mtu wa kuandika magazetini. Hata darasani, jibu nikilijua huwa nangoja mwenzangu alikosee kwanza, ndipo nimnong'oneze. Mwalimu wetu wa Kiswahili amewahi kuandika kwenye ripoti yangu kwamba nina mawazo mazuri ila hajawahi kuyasikia. Basi ukiona msichana wa namna hiyo amechukua kalamu na kumwandikia Mhariri, ujue nyumbani kwao kuna jambo.

Jambo lenyewe liko katika gazeti lako la Jumatano, ukurasa wa mwisho, chini ya tangazo la sabuni. Nalinakili kama lilivyo ili usipate taabu ya kulitafuta: "Timu ya Shirika la Kamba ya Musoma Jumapili iliyopita iliibamiza timu ya kijiji cha Nyamwaga mabao manne kwa bila katika pambano safi la Mei Mosi. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Mlinda mlango wa Nyamwaga, Ryoba Waitara, alisimama golini kama nguzo ya simu." Chini yake pameandikwa: Na Mwandishi Wetu.

Ni sentensi tatu tu, Ndugu Mhariri, na kila moja ina makosa ya kuitosha.

Ryoba Waitara ni kaka yangu, baba mmoja mama mmoja. Siku ile kabla ya mpira kuanza, mwalimu wa timu ya Kamba, Ndugu Benedicto, alimwambia baba yetu kwamba Shirika linatafuta mlinda mlango wa pili, na kwamba wamesikia habari za Ryoba mpaka Musoma. Akionekana anafaa, ataajiriwa. Nchi yetu haina mpira wa kulipwa, hilo tunafundishwa na tunalikubali. Wachezaji wa Kamba hawalipwi kwa kucheza. Wanalipwa kwa kuwa makarani, wote kumi na mmoja pamoja na wa akiba, na mpira huucheza kwa kujitolea katika saa za kazi. Ryoba naye alikuwa tayari kuwa karani wa namna hiyo. Tangu amalize darasa la saba hajaomba kitu kingine duniani.

Baba aliuliza, "Na nani anaamua?"

Ndugu Benedicto akasema, "Mkurugenzi, mzee wangu. Mechi za mbali haji, lakini magazeti anasoma yote. Mwisho wa mwezi ataamua."

Sasa unaelewa kwa nini nimeandika. Mkurugenzi hakuja Nyamwaga. Alichonacho mezani ni zile sentensi tatu zako. Kwa hiyo naomba uniruhusu kueleza malalamiko yangu, moja baada ya jingine.

1. Hali ya hewa haikuwa nzuri.

Mpira ulianza jua likiwaka. Karibu na mapumziko, vilima vyote vya upande wa mashariki vikamezwa na wingu jeusi, upepo ukawa wa baridi, na wazee wakaanza kukunja vitambaa vyao na kuvitia mfukoni. Sisi watu wa milimani tunaijua mvua ya mawe. Huja masika, ikachana majani ya migomba mpaka yakawa kama nyuzi, ikalaza mahindi, kisha ikaondoka kama iliyokuja kusalimia. Lakini ile ya Mei Mosi ilishuka na mawe makubwa kama viazi vya mbegu. Mbuzi wetu mmoja alianguka kando ya kibendera cha kona, watu wakaanza kutafuta kisu, naye akaamka akaenda zake. Hadi mwisho wa mpira uwanja wote ulikuwa mweupe. Mpira wa Kamba ulikuwa mweupe pia, wa kisasa, basi ukapotea humo. Wangwe, mshambuliaji wetu, aliruka juu akapiga kichwa vizuri sana, ila alichokipiga hakikuwa mpira. Alikaa chini kwa muda akiuliza kama ni bao.

Wanawake tulikaa chini ya nyungo. Mimi na mama tulikuwa chini ya ungo mmoja, na kelele yake ilikuwa kama mtu anamwaga mahindi makavu juu ya bati bila kukoma.

Mwandishi Wetu alikuwa wapi? Utingo wa basi aliniambia, nami namwamini kwa kuwa hana faida yoyote katika jambo hili. Mwandishi Wetu alifika Tarime mjini, akaambiwa barabara ya Nyamwaga ina matope, akaagiza chai. Jioni akamuuliza utingo matokeo. Hali ya hewa hakumuuliza mtu. Alichungulia dirishani mwenyewe, na Tarime mjini kulikuwa na jua.

2. Pambano halikuwa safi, na lilipaswa kusimamishwa.

Mwamuzi wetu alikuwa Ndugu Athanas, ambaye siku nyingine zote ni mfunga vidonda wa zahanati. Ni mtu mwenye huruma. Mvua ilipokuja alikwenda kusimama chini ya upenu wa darasa la nne na filimbi yake, akaendelea kuchezesha kutoka pale. Mipira ya nje aliamua kwa kuona. Rafu aliamua kwa kusikia.

Wachezaji wa pande zote mbili walimwendea wakamwomba avunje mpira. Akasema yeye hawezi, kwa kuwa mgeni rasmi hajatoa hotuba, na ratiba inasema hotuba itafuata mara baada ya mpira. Ukivunja mpira umeileta hotuba mbele, na kuileta mbele hotuba ya mgeni rasmi bila yeye kujua ni utovu wa nidhamu. Wakasema basi aulizwe mwenyewe. Mgeni rasmi alikuwa ndani ya Landrova kando ya uwanja, vioo vimefungwa, vimejaa ukungu. Hakuna aliyethubutu kugonga. Wakasimama mbele ya gari, wamelowa, wakiangalia kioo cha mbele, na vile vifuta-maji vya kioo vikawa vinakwenda kushoto, kulia, kushoto, kulia.

"Amekataa," akasema Ndugu Athanas.

"Amekataa vipi? Hata hatumwoni!"

"Wewe huoni gari linavyotikisa kichwa? Rudini uwanjani."

Wakarudi. Dereva alitueleza baadaye kwamba mgeni rasmi alikuwa amesinzia tangu wimbo wa taifa ulipokwisha. Simlaumu. Alikuwa ametoka mbali, na katika hotuba yake alitupongeza kwa kuitumia vizuri hali nzuri ya hewa. Hapo niliona kwamba huenda Mwandishi Wetu hakukosea peke yake.

3. Ryoba Waitara si nguzo.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa hiyo nitalieleza polepole. Pengine huko mjini desturi yetu haijulikani. Kwetu Wakurya, kijana anapotahiriwa husimama mbele ya watu, mikono imetulia, macho yamefunguka. Hapepesi. Hakunji uso. Akipepesa, jambo hilo litasimuliwa mpaka kwenye harusi yake na siku ya kuzaliwa mtoto wake wa kwanza. Ilipofika zamu yake, Ryoba alisimama vizuri sana, baba akashinda siku nzima anatabasamu.

Basi jiwe la kwanza lilipompiga golini, lilimpata kwenye paji la uso. Nyuma ya goli walikuwa wamesimama vijana wa rika lake, wale waliotahiriwa pamoja naye, na baba, na wazee. Hawakukimbia mvua, kwa sababu kila mmoja alikuwa anamwangalia mwenzake aone nani atakimbia kwanza. Mmoja wa wale vijana akapiga kelele:

"Mura! Usipepese!"

Mura ni jinsi tunavyomwita kijana mwanamume. Ndugu Mhariri, neno hilo moja ndilo lililofunga mabao manne. Mikono ya Ryoba ilishuka ikakaa ubavuni. Macho yakatulia mbele. Akawa amerudi siku ile ya tohara, na mawe yanamwangukia kichwani pa, pa, pa. Mshambuliaji wa Kamba akaja na mpira. Nakuomba ufikiri kwa haki: ili adake mpira ule wa juu, ilimpasa kuinua mikono. Na mtu akiinua mikono mvua ya mawe ikinyesha, aliyesimama nyuma yake atajuaje kama anadaka mpira au anakinga kichwa? Hatajua. Atasema amekinga kichwa. Ryoba alilipima jambo hilo kwa muda aliokuwa nao, na mpira ukapita kando ya sikio lake.

Vijana wakashangilia. "Hajapepesa! Hajapepesa!" Ukaingia wa pili, wakashangilia zaidi. Wachezaji wa Kamba walidhani tunawashangilia wao, wakatupungia mikono kwa heshima.

Mpira ulipokwisha, Ryoba alibebwa mabegani mpaka nyumbani, damu kidogo kwenye paji la uso, na baba akachinja mbuzi mwingine. Ndugu Benedicto alipita kuaga akatukuta tunakula nyama. Mzee Nyamhanga, ambaye ndiye mkubwa wa wazee wetu, akamkaribisha kiti na kumpa pole kwa kushindwa.

"Mzee wangu," akasema Ndugu Benedicto, "ni nne kwa bila."

"Nne za nini?"

"Za mabao."

"Na hayo mabao yamemuumiza nani?"

 Ndugu Benedicto alikula nyama, akashukuru, akapanda lori bila kusema lolote kuhusu kazi.

Tulikuwa katika raha hiyo mpaka gazeti lako lilipofika Alhamisi likasomwa dukani kwa ushirika kwa sauti. Wale wale vijana waliopiga kelele usipepese ndio walikuwa wa kwanza kugeuka. Sasa Ryoba akipita njiani wanaweka mkono sikioni na kuita, "Nguzo! Wee Nguzo! Simu inalia, pokea!" Mjomba wetu Rubeni, aliyeko Nyansurura wilaya ya Serengeti, ametuma salamu kwa mtu kwamba amesikia mpwa wake amekuwa nguzo, naye anaomba akamsimamie huko kwao, kwa maana simu haijafika.  Kaka yangu sasa ng'ombe anawapeleka malishoni kwa njia ya nyuma, ile ya mtoni, na chakula anakula akiwa amesimama mlangoni, kama mtu anayengoja kuondoka. Jana nilimkuta amevunja lile goli la miti alilolijenga mwenyewe nyuma ya zizi, anakata kuni.

Kwa hiyo, kwa faida ya Mkurugenzi wa Kamba, natoa ushahidi kuhusu tabia halisi ya Ryoba, nikiwa mtu niliyekaa naye tangu kuzaliwa. Hajawahi kusimama mahali pamoja. Akipewa kulinda mahindi dhidi ya nyani, ukienda kumpelekea uji utawakuta nyani. Akichunga ng'ombe, ng'ombe hurudi peke yao na yeye hufuata baadaye kutoka upande mwingine. Kanisani hutoka nje mara mbili kabla ya mahubiri kwisha. Aliwahi kuwekwa kuangalia ghala la pamba la kijiji kwa jioni moja tu, tukampata kijiji cha Gorong'a kwenye ngoma. Mama anasema hata tumboni hakutulia. Wepesi wa namna hiyo ndio unaotakiwa golini. Naahidi kwa niaba ya ukoo mzima kwamba Shirika likimwajiri, halitamkuta amesimama mahali alipoachwa hata siku moja.

4. Mlinda mlango wa Kamba alitumia chombo kisichoruhusiwa.

Mlinda mlango wao anaitwa Nikolaus, ni karani daraja la tatu. Mvua ilipoanza alikimbia kwa mama anayeuza chai nje ya uwanja, akachukua sufuria kubwa, akaivaa kichwani mpaka mabegani, na akacheza hivyo mpaka mwisho. Mwandishi Wetu hakuitaja sufuria hiyo, ingawa ilisikika kuliko filimbi kila alipojigonga kwenye mlingoti wa goli.

Utauliza kwa nini basi hatukumfunga. Ni swali zuri. Kipindi cha pili Wangwe aliwapita mabeki wote, nao walikuwa wanateleza. Akafika mbele ya goli akamkuta Nikolaus amechuchumaa ndani ya sufuria, haoni mbele wala nyuma. Goli lote lilikuwa wazi. Wangwe akauweka mpira chini ya mguu.

"Toa hiyo," akamwambia, "nikufunge kama mwanamume."

Nikolaus akajibu kutoka ndani, "Funga tu, ndugu yangu. Mimi nina watoto."

Wangwe akamtazama. Kwetu mtu aliyejificha uso hapigwi. Ukimpiga, aibu inarudi kwako. Akageuka akaurudisha mpira kwa mabeki wetu. Kwa hiyo ile bila yetu iliyoandikwa gazetini haikuwa udhaifu, ilikuwa adabu, na naomba iandikwe hivyo. Mama wa chai naye ameniomba nitaje kwamba sufuria imerudi na mabonde, ila mimi sitaki kuchanganya mambo.

5. Mvua ya mawe haikusajiliwa na timu yoyote.

Nimelichunguza bao la tatu kwa kuwauliza wote walioliona. Mpira ulikuwa umekwama katika barafu mbele ya mstari. Mchezaji wa Kamba aliyekuja nao alikuwa amekwisha kuteleza na amelala chali. Ryoba alikuwa katika hali niliyokwisha kuieleza. Hakuna binadamu aliyeugusa tena. Likashuka jiwe moja, likaupiga mpira kwa nyuma, ukaingia. Nauliza: nani mfungaji? Kama ni mvua, basi Kamba walikuwa kumi na wawili. Nimesoma sheria za mpira katika kitabu cha shule, hakuna mahali panapompa mchezaji ruhusa ya kuingia uwanjani kutoka juu.

Tena haikucheza kwa haki. Kipindi cha kwanza ilinyesha nusu moja tu ya uwanja, yetu. Hili si ajabu kwa mvua ya mawe, huweza kupiga shamba hili ikaliacha la jirani. Mapumziko yalipofika tulibadilishana magoli, tukasema sasa na wao wataonja. Wingu nalo likabadilisha goli. Nikolaus alibaki na matone ya kawaida, na sufuria hakuivua. Sisi tunafundishwa kila siku kwamba binadamu wote ni sawa na kwamba kinachopatikana kigawanywe kwa haki. Mawe yale yalipatikana kwa wingi. Hayakugawanywa.

Halafu kuna swali la mahali yalipotoka. Yalitoka mashariki na kaskazini, yaani ng'ambo ya mpaka wa nchi. Mpaka umefungwa tangu Februari, Ndugu Mhariri. Baba alizuiwa pale mpakani Sirari na mkungu mmoja wa ndizi aliokuwa anampelekea dada yake, akaambiwa hakuna kitu kitakachopita kwenda wala kuja. Akarudi nao kichwani. Lakini barafu ya kujaza uwanja mzima ilipita mchana kweupe, bila kibali, ikaja kuingilia sherehe za wafanyakazi wa Tanzania na kumfunga kijana mmoja mnyonge. Kama huo si uingiliaji, naomba nielimishwe.

Nimelifikiri jambo hili usiku na mchana, na nimeona mzizi wake. Azimio la Arusha liliziweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Benki zilitaifishwa, nami sijawahi kuingia benki. Viwanda vilitaifishwa, na kiwanda sijakiona. Lakini mvua, ambayo huingia nyumbani kwetu kila masika hata bila kubisha hodi, mpaka leo haina kamati, haina mwenyekiti, wala haitoi taarifa kwa mtu. Mkulima anaitegemea kuliko kitu chochote. Naamini ilisahauliwa tu kwa kuwa kazi ilikuwa nyingi.

6. Maombi yangu.

Kwanza, naomba usahihishe sentensi zile tatu katika ukurasa ule ule, hata kama itabidi sabuni isogee kidogo.

Pili, naomba matokeo yahesabiwe upya. Bao la tatu lipewe mvua. Mabao mengine matatu yafutwe kwa sababu yaliingia wakati mlinda mlango alikuwa katika shughuli ya kimila, na shughuli ya kimila haikatizwi. Kwetu tuandikiwe bao moja, lile ambalo Wangwe angelifunga kama asingekuwa na adabu. Ukijumlisha, Nyamwaga imeshinda moja kwa bila, na mvua ya mawe imechukua nafasi ya pili.

Tatu, kama Kamba watabisha, tuko tayari kurudia. Tunasikia Musoma kuna majokofu makubwa ya samaki. Watengeneze barafu ya kutosha, ipimwe kwa debe mbele ya mashahidi, na kila mlinda mlango amwagiwe sawa na mwenzake toka juu ya ngazi. Sufuria zibaki kwa wenyewe. Hapo taifa litaona nani ni nani.

Nne, na hili ndilo ninalolitaka kweli kuliko hayo yote, naomba Mkurugenzi wa Shirika la Kamba ajue kwamba kaka yangu si nguzo. Alisimama kwa sababu watu wote anaowapenda walikuwa nyuma yake wanamwangalia. Nadhani hata wewe ungesimama.

Naomba samahani kwa urefu wa barua, na kwa karatasi hizi za mistari ya hesabu. Nisalimie wasaidizi wako, mpanga herufi, mpiga chapa, na anayefagia hapo ofisini. Nisalimie pia Mwandishi Wetu, umwambie barabara ya Nyamwaga imekauka sasa, anakaribishwa chai. Wa hapa nyumbani wote ni wazima, baba, mama, na yule mbuzi aliyeamka.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Gati Waitara,
Kidato cha Pili.

NYONGEZA. Jumapili jioni. Barua hii ilikuwa imekwisha fungwa. Nimeifungua kwa mvuke wa chai. Leo tumetoka kanisani tumekuta lori la Shirika la Kamba limesimama mbele ya nyumba yetu, na Ndugu Benedicto ameketi juu ya kinu. Ryoba alitaka kupita njia ya mtoni, baba akamshika mkono. Watu wakajaa.

Ndugu Benedicto alitoa kipande cha gazeti lako mfukoni, akasoma ile sentensi ya tatu kwa sauti. Vijana wakaanza kucheka. Akawaambia, "Mnacheka nini? Mkurugenzi amekisoma hiki akainuka kutoka kitini!" Kumbe ghala la Shirika huibiwa kila mvua inaponyesha, kwa sababu walinzi hukimbilia upenu wa duka la ng'ambo ya barabara, na wezi wanalijua hilo. Mkurugenzi alimpigia simu Ndugu Benedicto na kumuuliza kama ni kweli kuna kijana aliyesimama chini ya mvua ya mawe mpaka mwisho bila kusogea. Ndugu Benedicto alisema ni kweli, ameona kwa macho yake. "Basi mlete," akaambiwa, "kabla shirika jingine halijasoma gazeti."

"Ni ulinzi, kijana," akamwambia Ryoba. "Kazi ya kudumu. Koti la mvua unapewa."

Ryoba akauliza, kwa sauti ndogo, "Na golini?"

"Golini hapana, mura wangu. Golini tunataka mtu anayesogea."

Watu walivunjika mbavu, na wa kwanza kucheka alikuwa Ryoba mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia tangu Alhamisi. Wale vijana wamegombania kumbebea sanduku. Lori linaondoka alfajiri.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nakuomba sana usisahihishe kitu. Ile sentensi ya nguzo ya simu ni ya kweli, imeandikwa vizuri, na kama nafasi itapatikana irudiwe. Hali ya hewa iache iwe nzuri. Yale niliyoyaandika katika lalamiko la tatu kuhusu nyani, ng'ombe, kanisa, na hasa lile ghala la pamba, yachukulie kuwa yanamhusu mtu mwingine wa jina hilo. Akina Ryoba ni wengi huku. Mvua ya mawe nayo sina tena ugomvi nayo, inaweza kupita mpakani itakavyo.

Ningeichana barua hii nisiitume kabisa, lakini stempu nimekwisha kuibandika, na baba anasema stempu ikishabandikwa ni mali ya umma.

G.W.